Lita Mbili

Baba hakutaka leso wala achari.
"Niletee maji," alisema, "ya bahari yenyewe.
Usichote ukingoni penye povu na watoto.
Ingia mpaka kiunoni, ndipo uchote."

Miaka thelathini na mmoja alisoma mita za maji,
Makadara, Umoja, mpaka huku kwetu Kayole,
akiinamia mashimo yenye mende na kufuli za kutu,
akiandika tarakimu kwa penseli aliyoichonga kwa wembe.
Maji ya nusu ya Nairobi yalimpita mkononi
yakiwa hesabu.
Bahari aliiona kwenye kalenda ya benki.

Basi sisi wa chama, wanawake tisa na mkopo mmoja,
tukashuka Diani Jumamosi saa nane.
Mchanga ulikuwa mweupe kama unga wa daraja la kwanza;
Nduku akainama akaupima kwa viganja, mazoea ya duka.
Ngamia alitupandisha kwa mia tano,
kumbe kushuka nako kuna bei yake.
Kerubo alifika magotini tu
akaita majina ya shangazi zake wote.

Mimi nikaendelea.
Dera likaelea likanizunguka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo,
na ile chupa ya soda ikagoma kuzama,
nikaikaba shingo,
ikanywa kwa kwikwi.
Kijana mmoja wa ufuoni akaniuliza,
"Dada, hayo ni ya dawa?"
"La. Ni ya baba."
Akanyamaza, kisha akanionyesha mahali penye maji safi zaidi.

Pale stesheni ya Miritini askari aliikazia macho chupa.
"Onja."
Nikaonja.
Uso wangu ukawa kitambulisho.

Nairobi ilitupokea kwa manyunyu na makoti.
Kayole mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne,
mtungi umefika shilingi hamsini,
na baba alikuwa zahanati, foleni ya presha.
Nikaiacha chupa jikoni, nikaenda kumfuata.

Mama Ayuma wa mlango wa pili ana ufunguo wetu,
na ana huruma isiyouliza.
Aliona lita mbili za maji maangavu,
akaona jiko baridi,
akajua wenyewe watarudi na njaa.

Tulikuta ugali umefunikwa, sukuma pembeni,
na chupa tupu imesuuzwa, imepinduliwa, ikauke vizuri.

Baba alimega. Alitafuna.
Akaangalia juu kwenye bati, kama mtu anayesikiliza mvua.
Akamega tena.
Mimi nilikwisha kuelewa, nikakosa pa kuweka mikono.
"Daktari amenikataza chumvi leo hii," alisema,
"saa tano asubuhi,"
akameza.

Alipojua, Mama Ayuma alijifunika uso kwa kanga.
Alitoka mbio, akarudi na galoni la lita ishirini,
maji yake ya mwisho, nina hakika,
akalitua mlangoni bila neno.
Baba alilitazama muda mrefu.
Akamwambia alirudishe, wana watoto.
Wakavutana na mpini wa galoni
mpaka nusu ikabaki kwetu.

Usiku aliniita chumbani kwake.
"Ulifika kiunoni?"
"Nilifika."
"Na mbele yako?"
"Maji, baba."
"Na mbele ya hayo?"
"Maji."
Alifikiri. Nilisikia penseli ikikwaruza kitu gizani.
"Na hakuna aliyefunga mita," alisema,
si kwa kuuliza,
akaanza kucheka, kikohozi kikamshika,
nikamletea kikombe kutoka kwenye galoni la Mama Ayuma.
Akanywa yote.
Asubuhi nikaona kwenye kalenda ya benki,
chini ya picha ya bahari:
*Lita 2. Zimesomwa.*